Diski Isiyofunguka: Ilikwama Hatua Gani?

Diski ya nje ikichomekwa kwenye kompyuta na isifunguke, wengi husema imekufa. Fundi mwenye haraka naye ana jibu lake tayari: tuifomati. Yote mawili husemwa kabla hajatokea mtu wa kuuliza diski hiyo imekwama wapi. Kati ya kuchomeka waya na kuyaona mafaili kuna hatua kadhaa, na kila hatua huacha alama inayosomeka. Hapa nitazifuata hatua hizo kwenye Linux, kwa sababu Linux haifichi inachokifanya. Windows nayo imo sana katika habari hii, kwani visa vingi vya diski kukataa kufunguka huzaliwa pale mifumo hii miwili inapotumia diski moja.

Tuanze na umeme, maana ndio unaosahaulika. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Diski ya inchi 2.5 yenye sahani inayozunguka huhitaji nguvu ya ziada pale inapoanza kuzunguka. Ikiikosa, hugonga, hunyamaza, kisha hugonga tena. Mlio huo unafanana mno na ule wa diski iliyoharibika kichwa, kwa hiyo diski nzima inaweza kuhukumiwa kifo kwa kosa la waya mbovu. Badilisha waya. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kwenye kigawanyo kisicho na umeme wake. Ikiwa bado inagonga, ichomoe na uache kabisa kuijaribu, kwa sababu diski yenye kichwa kibovu huzidi kuharibika kila inapowashwa.

Umeme ukitosha, swali linalofuata ni kama kompyuta inaitambua. Kwenye Linux, amri ya `lsblk` huorodhesha diski zote pamoja na ukubwa wake na patisheni zilizomo, na `lsblk -f` huonyesha aina ya mfumo wa faili, namba ya utambulisho iitwayo UUID, na folda ambamo patisheni imepachikwa. Mstari huo mmoja ndio ninaoutaka kila fundi ausome kabla ya kufungua mdomo. Diski ikionekana kwa ukubwa wake kamili, ubao wake wa umeme unafanya kazi na inazungumza na kompyuta. Ikionekana ina baiti sifuri, au isipoonekana kabisa, tatizo liko kwenye chombo chenyewe au kwenye kasha lake, na hakuna programu itakayolimaliza. Ikionekana diski bila patisheni hata moja, tazama jedwali la patisheni.

Jedwali hilo huwa la aina mbili. La zamani, MBR, huhesabu sekta kwa namba za biti 32. Kwa sekta za baiti 512, mwisho wa hesabu ni terabaiti 2.2 hivi, na diski kubwa zaidi ya hapo haiwezi kutumika yote. Jipya, GPT, halina kikwazo hicho, na nakala yake ya pili huwekwa mwishoni kabisa mwa diski. Kuna kisa kimoja ambacho huwavuruga hata mafundi wazoefu. Baadhi ya makasha ya diski za nje za terabaiti 3 na kuendelea yalitengenezwa yaidanganye kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4,096, ili diski hizo zitumike hata kwenye mifumo ya zamani inayoijua MBR peke yake. Kasha likiharibika, mtu huitoa diski na kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani. Diski inazunguka vizuri, ukubwa unaonekana sawa, lakini patisheni hakuna. Kumbe data yote ipo palepale, ila jedwali linasomwa kwa kipimo kisicho chake: anwani iliyohesabiwa kwa hatua za 4,096 inatafutwa kwa hatua za 512. Kasha la aina ileile hurudisha kila kitu. Atakayebonyeza kitufe cha kuanzisha diski upya ataandika jedwali jipya juu ya lile zima.

Sasa tuseme patisheni inaonekana na aina yake inasomeka. Hapo Linux huipachika, yaani huiunganisha na folda fulani ili mafaili yake yafikiwe kupitia folda hiyo. Kwenye Ubuntu huduma ya `udisks2` huifanya kazi hii yenyewe unapobofya ikoni, na diski hutokea chini ya `/media` kwa jina la mtumiaji. Kwenye Fedora ni chini ya `/run/media`. Mara nyingi hatua hii hupita bila mtu kuigundua. Inapogoma ndipo penye somo kubwa kuliko yote.

Chukua laptopu yenye Windows na Ubuntu pamoja, na patisheni ya tatu ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, inayotunza picha na kazi, isomwe na mifumo yote miwili. Mpango mzuri, na wanafunzi wengi wa kompyuta huanza hivyo. Siku moja mwenyewe anaizima Windows, anawasha Ubuntu, na patisheni ile inakataa kufunguka, au inafunguka kwa kusomwa tu: faili linafunguka, kulihifadhi haiwezekani. Ujumbe unasema mfumo wa faili haukufungwa vizuri na kwamba kuna taarifa zilizobaki kwenye kumbukumbu ya Windows. Mwenyewe anashangaa, kwa sababu aliizima Windows kwa njia halali kabisa.

Aliizima, ila Windows haikuzimika yote. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mbinu ya kuwasha haraka. Unapochagua kuzima, Windows hufunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini kiini cha mfumo hakifungwi. Hali yake yote huandikwa kwenye faili liitwalo `hiberfil.sys`, na kompyuta ikiwashwa, hali hiyo hurudishwa ilivyokuwa. Ndani ya hali hiyo mna picha ya patisheni zilizokuwa wazi: faili gani liko wapi, nafasi ipi iko tupu. Ni sawa na karani aliyetoka mezani akaliacha daftari la duka likiwa wazi, huku hesabu nyingine akiwa amezibeba kichwani. Mtu mwingine akikaa na kuandika kwenye daftari lilelile, karani atarudi na kuendeleza zile hesabu za kichwani, na kurasa zitaharibika bila yeyote kati yao kufanya kosa.

Kwa hiyo Linux inapokataa, inalinda mafaili yako. Programu ya NTFS-3G, ambayo toleo lake imara la kwanza lilitoka mwaka 2007, huchunguza alama za Windows isiyozimika yote kabla ya kupachika na ikizikuta hurudi kwenye kusoma tu au hukataa. Kiendeshi kipya cha `ntfs3`, kilichotolewa na kampuni ya Paragon na kuingizwa kwenye kerneli ya Linux 5.15 mwaka 2021, nacho hukataa patisheni yenye alama ya kutofungwa vizuri hadi ulazimishe kwa neno `force`. Mitaani ushauri unaosambaa ni huo wa kulazimisha, au wa kutumia `remove_hiberfile`, chaguo la kupachikia linalofuta lile faili la Windows. Naupinga. Kulazimisha ni kuiandikia patisheni ambayo mwenzako bado anaishikilia, na kufuta faili la hali ni kutupa chochote ambacho Windows ilikuwa haijakiandika. Amri ya `ntfsfix` nayo husifiwa kupita kiasi. Hurekebisha kasoro chache za msingi, hufuta kumbukumbu ya miamala, na kuiagiza Windows ifanye ukaguzi ikiwaka. Ukaguzi wenyewe haifanyi.

Dawa iko upande wa Windows. Rudi huko, kisha uchague kuwasha upya badala ya kuzima, kwa sababu kuwasha upya hufunga kiini chote. Au fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike `powercfg /h off`, ambayo huondoa hali ya kulala kabisa (hibernate) pamoja na mbinu ya kuwasha haraka na kulifuta `hiberfil.sys` kwa utaratibu. Kama patisheni bado ina alama ya hitilafu, `chkdsk` yenye `/f` huikagua na kuirekebisha kwa programu ya waliouunda mfumo huo wa faili. Baada ya hapo Ubuntu huifungua bila neno. Diski ya nje iliyoachwa imechomekwa wakati Windows inazimwa inaweza kukumbwa na jambo hilohilo, ndiyo maana kuitoa kwa utaratibu kabla ya kuzima ni bora kuliko kuichomoa baadaye.

Upande wa pili wa uhusiano huu ni hatari zaidi. Windows ikikutana na patisheni ya ext4, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye Linux, haiufahamu mfumo wake wa faili. Badala ya kusema hivyo, huonyesha kisanduku kinachomwambia mtumiaji kwamba diski inahitaji kufomatiwa ndipo itumike. Nimeona jinsi sentensi hiyo inavyoaminiwa. Diski ni nzima, mafaili yamo, na mashine inapendekeza yafutwe. Jibu sahihi ni kughairi, kisha kuipeleka kwenye Linux, au kwenye Windows 11 kutumia `wsl --mount`.

Kuna pia patisheni zilizofungwa kwa ufunguo. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 huwasha usimbaji wenyewe, na `lsblk -f` huonyesha neno BitLocker mahali pa NTFS. Hapo hakuna hitilafu ya kutengeneza. Kinachotakiwa ni ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na Linux ikiupata huweza kufungua patisheni hiyo kwa `cryptsetup` tangu toleo la 2.3. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeifungua, na anayedai kuwa anaweza anatafuta hela yako.

Wanaotaka patisheni ijifungue kila kompyuta inapowaka huandika mstari kwenye faili la `/etc/fstab`. Mawili tu ya kuzingatia. Tumia UUID, usitumie jina kama `/dev/sdb1`, kwa sababu majina hayo hutolewa kwa kufuata mpangilio wa diski zinavyogunduliwa, na diski iliyokuwa `sdb` leo inaweza kuwa `sdc` kesho. Na kwa diski ya nje, weka neno `nofail`. Bila neno hilo, siku diski isipokuwepo, kompyuta itaisubiri sekunde 90 kisha itaishia kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi yenye kuomba nywila, na mtumiaji atadhani Linux nzima imevunjika. Ukishahariri, jaribu kwa `sudo mount -a` kabla ya kuwasha upya.

Patisheni ikifunguka lakini ikukatalie kuandika, bila tatizo lolote la Windows, huenda ni ruhusa. Ext4 hutunza namba ya mwenye faili, si jina lake. Diski iliyojazwa na mtumiaji namba 1001 kwenye kompyuta moja haitamtambua mtu yuleyule akiwa namba 1000 kwenye kompyuta nyingine. Amri ya `chown` humaliza jambo hilo. Kwenye NTFS na FAT, ambako umiliki wa namna hiyo haupo, huwekwa wakati wa kupachika kwa `uid=` na `gid=`.

Kwa wanaobeba diski kutoka studio hadi studio, wapiga video za harusi hasa, uchaguzi wa mfumo wa faili huamua mengi mapema. FAT32 hufunguka karibu kila mahali, hadi kwenye redio za magari na televisheni za zamani, lakini haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi, na video moja ya sherehe hupita hapo kwa urahisi. NTFS hupokea, ila Mac huisoma bila kuiandikia. Kwa kazi hiyo napendekeza exFAT. Microsoft ilichapisha maelezo yake ya kiufundi mwaka 2019, na kiendeshi cha Samsung kiliingia kwenye kerneli ya Linux 5.7 mwaka 2020, kwa hiyo leo Windows, Mac na Linux zote huiandika. Udhaifu wake ni kwamba haina kumbukumbu ya miamala, hivyo kuichomoa katikati ya kunakili huiumiza kuliko NTFS au ext4. Usiitumie kama makazi pekee ya kazi ya mteja.

Na pale ambapo jedwali limefutika kweli, au sekta zimeanza kuoza, utaratibu upo. Kwanza nakili diski nzima kwenda diski nyingine kwa `ddrescue`, ambayo huchukua maeneo yanayosomeka kwa urahisi kwanza kisha hurudia yale magumu, na huandika ramani ya ilipofika ili iendelee ikikatizwa. Kisha, juu ya nakala, tumia TestDisk ya Christophe Grenier kutafuta patisheni zilizopotea. Kufomati hakumo katika utaratibu huu. Fomati ya haraka hufuta fahirisi na kuacha data chini yake, lakini ile kamili, tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye diski yote, na kwenye SSD hata ile ya haraka inaweza kuiamuru diski itupe data ya zamani.

Kwa hiyo ukipeleka diski kwa fundi, mwombe akuonyeshe kwanza mstari wa `lsblk -f`, au dirisha la usimamizi wa diski kwenye Windows, na akwambie imekwama hatua gani. Akikuomba ruhusa ya kufomati kabla ya kukuonyesha hilo, chukua diski yako utafute fundi mwingine.