Shabaha na Utawala katika Lugha ya Azimio la Arusha

Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mwezi Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari mwaka ule, aghalabu husomwa kama waraka wa siasa na uchumi. Lakini lilitungwa kwanza kwa Kiswahili, kisha likafasiriwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo yapasa lipimwe pia kwa kipimo cha lugha. Swali ni moja: je, lugha iliyoeleza shabaha za chama kile kwa ufasaha iliweza pia kueleza utawala wake? Mahali pafaapo kulipimia swali hilo ni kijijini, ambako maneno yale yalikusudiwa kutenda kazi. Mathalan Nyololo, wilaya ya Mufindi, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya. Huko Kihehe ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani, na Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya mkutano na ya serikali.

Katika kueleza shabaha, Azimio lina nguvu isiyo na shaka. Neno ujamaa halikuazimwa kutoka vitabu vya Ulaya. Lina mzizi katika jamaa, neno la asili ya Kiarabu lililokwisha kuwa la Kiswahili kabisa, na kiambishi u- kikaligeuza undugu wa watu kuwa hali na kanuni. Kadhalika kujitegemea: kiambishi -ji- chamtaka mtenda na mtendewa wawe mtu mmoja. Hakuna awezaye kumjitegemesha mwenziwe. Sarufi yenyewe yabeba fundisho, na mkulima asiyesoma huweza kulishika.

Udhaifu waanza pale Azimio litajapo mambo manne ya lazima kwa maendeleo. Watu na ardhi yametajwa bila sifa yoyote. Siasa na uongozi hayakuachwa vivyo hivyo: siasa imepewa sifa ya usafi, na uongozi sifa ya ubora. Watungaji walijua kwamba siasa yaweza kuchafuka na uongozi ukaharibika, na hili ni la kuwasifu. Lakini kila sifa yahitaji mwenye kuipima. Nani atakayesema kwamba uongozi huu si bora?

Sehemu ya tano, yenye masharti ya viongozi, yajibu nusu tu ya swali hili. Lugha yake ni kavu na wazi kama ya sheria: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hata maana ya kiongozi imepanuliwa ikamjumuisha mkewe au mumewe, ili mali isifichwe kwa jina la mwingine. Kwa usahihi, hii ndiyo sehemu bora ya maandishi yote. Hata hivyo yaeleza vitu asivyopaswa kuwa navyo kiongozi. Haielezi njia ya mwanakijiji kumwondoa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulijaribu kuziba pengo hilo kwa kukataza viongozi kuwadharau na kuwaonea watu, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliutumia kuwa hoja yao katika migomo iliyofuata. Mkulima hakuwa na kiwanda cha kugomea.

Matokeo yake yaonekana katika kitenzi kimoja. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alieleza katika Ujamaa Vijijini kwamba watu wataingia kwa hiari, yaani, watahama. Mwezi Novemba 1973 kukaa vijijini kukawa amri, na katika Operesheni Vijiji watu walihamishwa. Baina ya kuhama na kuhamishwa zimeingia kauli mbili, ya kutendesha na ya kutendwa, na mtenda ametoweka katika sentensi. Huo ndio mwendo kamili wa kutoka -ji- ya kujitegemea. Dalili zilikuwapo mapema. Mwaka 1969 TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho vijiji vyake, Litowa kikiwa cha kwanza, vilijianzisha na kujitawala vyenyewe. Sikukuu ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa Ismani na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi wa shamba.

Sheria ya Vijiji ya 1975 ilileta hatimaye maneno yaliyokosekana: mkutano wa kijiji, na halmashauri ya watu 25. Lakini mwenyekiti wa chama kijijini ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa halmashauri, na mwaka ule ule Katiba ilikiweka chama juu ya vyombo vyote. Msemo wa siku hizo ulikuwa chama kushika hatamu. Kiongozi ni neno la msafara: mtu aendaye mbele kwa miguu yake, akikanyaga miiba ile ile. Ashikaye hatamu amepanda. Na aliyefungwa hatamu haulizi njia.

Masharti ya viongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na siasa ya vyama vingi ikarudi mwaka 1992. Swali la utawala likabaki. Tarehe 2 Septemba 2012, huko Nyololo, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa wakati polisi walipowatawanya wafuasi wa CHADEMA waliokuwa wakifungua tawi. Mwaka 2016 mahakama ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kauli ya kutendwa ikapata mtenda wake.

Azimio la Arusha litabaki mfano wa namna Kiswahili kiwezavyo kubeba shabaha kubwa bila kuazima maneno. Lakini chama kitafutacho haki hakitimizi ahadi zake kwa majina na sifa pekee. Chahitaji sentensi ambamo mwanakijiji ndiye mtenda, na kiongozi ndiye aulizwaye. Na sentensi hiyo Azimio halikuiandika.