Themostati ya Lori: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Mlima Kitonga, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, haumsitiri fundi mbovu. Lori lenye mzigo wa Zambia au Kongo hupanda kwa gia ndogo na mwendo wa pole, upepo unaoingia kwenye rejeta ni kidogo, na injini inavuta kwa nguvu zake zote. Likichemsha, ushauri wa haraka wa vijiwe vingi ni huu: toa themostati, maji yapite bila kizuizi. Mwenye lori asiukubali ushauri huo.

Themostati ni mlango wa maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna kikopo chenye nta. Maji yakipata moto, nta huyeyuka na kutanuka, husukuma kipini, na mlango hufunguka. Yakipoa, springi huufunga. Katika malori mengi ya dizeli kuna kisahani cha pili upande wa chini ambacho huziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa themostati, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa. Kwa hiyo lori linaweza kuendelea kuchemsha Kitonga, kisha likifika kwenye baridi ya Makambako au Njombe likashindwa kupata moto wa kutosha. Injini baridi haichomi dizeli vizuri: oili hujaa masizi, silinda hulika mapema, na mafuta huenda mengi.

Namba ya kuchagua

Themostati hugongwa namba, kwa mfano 76.5, 82 au 88. Hizo ni nyuzi za sentigredi ambazo kwazo mlango huanza kufunguka. Hufunguka wote nyuzi 10 hadi 15 hivi baadaye. Ukitoka 88 kwenda 82, injini itatembea na joto dogo zaidi barabara ikiwa tambarare na mzigo ukiwa mwepesi. Lakini mlango ukishafunguka wote, themostati haina tena la kufanya. Kinachobaki ni kazi ya rejeta, feni na pampu ya maji. Fundi anayekuuzia namba ya chini kama dawa ya kuchemsha, bila kukagua rejeta iliyoziba, mkanda uliolegea au feni isiyoshika, anachelewesha tatizo kwa dakika chache tu. Fundi wa kweli hukagua hivyo kwanza, kisha hufunga namba iliyopendekezwa na mtengenezaji wa injini. Kwa injini zinazoongozwa na kompyuta jambo hili ni la lazima, kwa sababu joto likiwa chini mno kompyuta huendelea kumwaga mafuta ikidhani injini bado haijapata moto.

Kipimo cha sufuria

Mwombe fundi aipime themostati mpya mbele yako kabla ya kuifunga. Abane uzi kwenye mlango wake, aitundike kwa uzi huo ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, aweke kipimajoto, kisha apashe moto taratibu. Mlango ukianza kufunguka, uzi huachia na themostati huzama. Hapo soma nyuzi. Ikipishana na namba iliyogongwa kwa nyuzi mbili hivi, ni nzima. Ikipishana sana, irudishwe dukani, hata kama boksi limeandikwa orijino. Ikishapoa, itazame kwenye mwanga: mlango uwe umefunga pande zote. Kama injini ina themostati mbili, na nyingi kubwa zinazo, zibadilishwe zote kwa pamoja.

Ufungaji

Hapa mkono wa fundi huonekana wazi. Gasketi ya zamani iwe imekwanguliwa yote na uso wa chuma uwe safi. Upande wenye kikopo cha nta uelekee injini. Kama kuna kitundu au kipini cha kutolea hewa, kikae juu. Silikoni isipakwe kwa mafungu, kwani vipande hukatika na kwenda kuziba rejeta. Bolti zikazwe kwa zamu, pande zote sawa. Maji yajazwe polepole pamoja na kulanti, na hewa itolewe yote. Hewa ikibaki kwenye themostati, hufunguka kwa kuchelewa.

Akague pia kizibo cha rejeta. Kwenye mwinuko wa Iringa maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ni mgandamizo unaoshikiliwa na kizibo unaopandisha kiwango hicho hadi zaidi ya 110. Kizibo kilicholegea huiharibia sifa themostati isiyo na kosa.

Kupima matokeo

Washa injini ikiwa baridi na ushike mpira wa juu wa rejeta. Kwenye malori ambayo themostati iko upande huo, mpira hubaki baridi kwa muda, kisha hupata moto ghafla mlango unapofunguka. Geji hupanda bila kusita, hutulia, na hubaki palepale. Mlimani inaweza kupanda kidogo, lakini irudi mahali pake baada ya kilele. Kwenye mteremko isizame hadi kwenye baridi. Geji inayotulia ndiyo alama ya kazi safi. Geji iliyo chini kila wakati ni dalili ya mlango uliokwama wazi, au usiokuwepo kabisa.

Mwenye lori, dai upewe themostati ya zamani mkononi, na uione mpya kabla haijafunikwa. Ukikuta nyumba yake ni tupu, kazi bado haijafanyika, usilipe.