Wimbo wa Mvua Katika Sinema ya Msiba

Je, msomaji, umepata kusimama Osiri jioni, wingu jeusi likijikusanya upande wa Ziwa? Wavuvi huivuta mitumbwi yao pwani, wachimba dhahabu hutoka mashimoni, na mama mwenye mifugo hupaza sauti kuwaita watoto warudishe ng'ombe nyumbani. Maneno mawili ya Kijaluo hutosha kwa habari yote hiyo: koth biro, yaani mvua yaja. Maneno hayo ndiyo jina la wimbo ninaotaka tuupime pamoja.

Kundi la Black Savage liliuimba mwaka 1976. Aliyeupeleka mbali ni Ayub Ogada, aliyeuimba tena kwa nyatiti katika sahani yake ya mwaka 1993, En Mana Kuoyo. Nyatiti waijua: nyuzi nane, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, inayogonga ubao wake kutoa mapigo. Mwaka 2005 wimbo ule ulitiwa katika The Constant Gardener, sinema ya Fernando Meirelles. Humo Mwingereza mmoja, mtumishi wa ubalozi Nairobi, anatafuta sababu ya kuuawa kwa mkewe karibu na Ziwa Turkana.

Hapo ndipo penye mgogoro. Wimbo wa mvua umewekwa katika kisa ambacho kitovu chake ni nchi kame, na mtazamaji asiyejua Kijaluo huusikia kama maombolezo matupu. Je, umedhulumiwa?

Kabla hujajibu, tazama bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani. Mwaka 1927 Blind Willie Johnson, kipofu, alirekodi Dark Was the Night, ambamo gitaa lalia naye akiguna tu, bila neno hata moja. Mwaka 1984 Ry Cooder aliijenga juu yake sauti ya sinema ya Wim Wenders, Paris, Texas, inayoanza na mtu akitembea peke yake jangwani. Kule hakuna kilichopotea, kwa kuwa hapakuwa na maneno ya kupotea. Mguno hauhitaji mkalimani. Wimbo wa Ogada una maneno, nao wenye lugha yao hupata fungu ambalo wengine hawalipati.

Hata hivyo mimi siwafuati wasemao kwamba wimbo uliwekwa mahali pasipo pake. Sikiliza vizuri: mwito wa kuwarudisha watoto na ng'ombe haukosi hofu. Anayeita hana hakika kwamba aitwaye atafika kabla ya tone la kwanza. Na sinema ile yote ni habari ya mtu aliyetoka nyumbani asirudi. Kwa hiyo wimbo waingia ndani ya kisa kwa maana yake yenyewe, si kwa huzuni ya sauti tu. Na kama mtengenezaji aliijua maana hiyo au alibahatisha, kwangu ni mamoja. Kosa ninaloliona ni la watazamaji, waliozoea kwamba kila sauti ya Afrika katika sinema ni kilio.

Jambo jingine lanichekesha na kunisikitisha pamoja. Mwaka 1985 Ogada aliigiza katika Out of Africa, kwa jina la Job Seda. Watu walimwona uso, muziki wake hawakuusikia. Baada ya miaka 20 waliusikia muziki wake, uso wasiuone. Katikati ya hayo alikuwa amepiga nyatiti chini ya ardhi, katika vituo vya treni vya London, wapita njia wakimtupia senti.

Alifariki tarehe 1 Februari 2019, Nyahera, karibu na Kisumu. Nawe utakapoitazama sinema ile, wimbo ukianza, fumba macho kidogo, uisahau picha, umsikilize anayeita.