Shaba ya Askari na Bega la Mpagazi

Ndugu msomaji, kumheshimu aliyeumia vitani ni jambo jema. Walakini heshima isiyomfikia mwenyewe mkononi haimvishi wala haimlishi. Nayasema haya juu ya sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam, ambayo wengi wetu huipita wasiitazame. Hukumu ya kisheria ya masanamu siyo makusudio yangu hapa. Nataka tuipime kwa yale inayotufunza juu ya fadhila.

Yafaa tuanzie Tabora. Kabla ya reli kufika huko mwaka 1912, mali iliyopita baina ya Bagamoyo na Ujiji ilipita juu ya mabega ya watu, na mashuhuri wao walikuwa Wanyamwezi. Vilipokuja vita vya 1914, mabega yaleyale yalitakiwa tena yachukue risasi, unga, na majeruhi katika machela. Tabora yenyewe ilitwaliwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Kwa upande wa Waingereza tu, hesabu ya serikali ilitaja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi. Na wapo ambao hawakuandikwa kabisa.

Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927. Fundi wake, James Alexander Stevenson, aliijua kazi yake: shaba ile ina uhai. Maneno ya Rudyard Kipling yamewekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, tena Kiswahili hicho kwa herufi za Kiarabu pia, hata wazee wetu waliosoma chuoni wakaweza kuyasoma. Hilo ni la kushukuriwa. Wapagazi nao wametajwa kwa sifa. Lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki peke yake, hali Nairobi mpagazi amesimamishwa pamoja na askari. Tena maandishi yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la marehemu, nalo jina la mtu hata mmoja halikuandikwa.

Mkono wa kutoa ukafuata njia hiyohiyo. Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wake wazee waliokuwa hai, mpagazi hakuitwa. Ujira wa wapagazi wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao. Walichoachiwa ni jina la Kariakoo, nasi twalitamka kila tuendapo sokoni.

Basi, ndugu yangu, tusirudie kosa hilo. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mgambo waliingia pamoja na wanajeshi. Desemba 2017, askari wa Tanzania waliokuwa wakilinda amani mashariki ya Kongo waliuawa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Wamo mitaani mwetu waliorudi na viungo pungufu, na wajane wa wasiorudi. Utoapo sadaka, usiulize kwanza cheo wala nishani; uliza haja. Mpishi na mchukuzi wa jeshi ana haki sawa na aliyefyatua bunduki. Toa kila mwezi, si Siku ya Mashujaa tu. Tena toa bila masimbulizi, maana masimbulizi huibatilisha sadaka.

Kabla ya Ijumaa ijayo, ulizana na jirani zako: katika mtaa wetu, nani alirudi vitani na jeraha, na nani amnunulia dawa? Jina lake mlijue, na mlango wake muujue.