Bodi Iliyozomewa na Beringi Iliyosahaulika

Juni 2016 Chevrolet ilitoa tangazo lililowagawa wapenzi wa pikapu nchini Marekani. Matofali ya bustani yenye uzito wa kilo 374 hivi yaliinuliwa hadi mita moja na nusu, kisha yakamwagwa kwa mpigo mmoja ndani ya bodi ya mizigo ya Silverado. Chuma kikabonyea na kuchubuka rangi. Zamu ya Ford F-150 ilipofika, matofali ya aina ileile yakatoboa bodi yake ya alumini, na kamera ikasogea karibu ili kila mtu ayaone matundu kwa macho yake.

Kwa watazamaji wengi kesi ilikwisha hapo: chuma ni chuma, alumini ni ya sufuria. Lakini Silverado mpya ya mwaka 2019 ilitoka na milango na boneti za alumini, na hata mlango wa nyuma wa bodi ya mizigo ulikuwa wa alumini. Sakafu ya mizigo ilibaki ya chuma.

Ugomvi wa alumini na chuma haukuwa wa bure, ila ulielekezwa mahali pasipo na hatari kubwa. Kwa miaka mingi sasa pikapu kubwa za Kimarekani zimesanifiwa upya moja baada ya nyingine, na kila mara wanunuzi wameogopa kile kinachoonekana kuwa kigeni: bodi nyepesi, injini ndogo yenye turbo, springi za koili. Kasoro kubwa zilizozimisha injini barabarani zilitoka kwingine kabisa. Zilitoka kwenye krenki, beringi na valvu, vipuri ambavyo kila fundi wa injini amevishika maisha yake yote, na ambavyo hakuna aliyefikiria kuvitilia shaka.

Mfano wa Ford unaonyesha jinsi jambo jipya linavyoweza kufanywa kwa hadhari. Pikapu za F-Series zinaongoza kwa mauzo Marekani tangu 1977, kwa hiyo kuzikosea ni kuitikisa kampuni nzima. Masharti ya serikali kuhusu matumizi ya mafuta yalikuwa yanakaza, na njia ya haraka ya kupunguza mafuta ni kupunguza uzito. F-150 ya mwaka 2015, iliyozinduliwa Detroit Januari 2014, ilipungua uzito kwa hadi kilo 318 kwa kuachana na bodi ya chuma. Fremu haikuguswa na alumini. Ilibaki chuma, tena chuma kigumu zaidi, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo na kuvuta tela.

Alumini haikubali kuunganishwa kirahisi kama chuma. Inapitisha umeme na joto upesi mno, hivyo kuichomelea kwa vituo kama ilivyozoeleka ni kazi ngumu. Ford ikageukia ribiti na gundi, namna inayokaribia ile ya mabodi ya ndege, na sehemu ya kuunda bodi katika kiwanda cha Dearborn ikapangwa upya kwa roboti mpya. Kutu pia ilibadilika sura. Alumini haiozi kwa kutu nyekundu, kwani hewa huijengea utando mwembamba unaoikinga. Hata hivyo, ikigusana na chuma penye unyevu huanza kulika, na rangi huinuka kama malengelenge. Ndiyo maana fundi wa bodi anashauriwa awe na zana za pekee za alumini na sehemu yake ya kazi, mbali na vumbi la chuma.

Kilichoiokoa Ford zaidi ni majaribio ya kimyakimya. Miaka kadhaa kabla ya uzinduzi, ilizikopesha kampuni tatu pikapu zenye bodi za mizigo za alumini bila kuziambia zimetengenezwa kwa nini. Moja ilikuwa kampuni ya migodi ya Barrick Gold, jina ambalo wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kutambulishwa. Wachimbaji hawana adabu na gari. Hurusha mawe, minyororo na vipuri vizito ndani ya bodi bila kuangalia pa kutua. Majeraha yaliyopatikana huko yaliwapa wahandisi picha ya mahali ambapo karatasi ya alumini ilihitaji kuongezwa unene. Hilo halikuizuia alumini kutoboka katika tangazo la Chevrolet, lakini bodi iliyotoboka haizimishi gari katikati ya barabara kuu.

Ford haikuwa na usafi wa malaika. Taasisi ya bima inayopima usalama wa magari, IIHS, iliipa F-150 ya milango minne mikubwa alama nzuri katika jaribio la kugonga kwa kona ya mbele. Ile ya kebini fupi ikapata alama ya chini, kwa sababu haikuwa imewekewa vyuma vya ziada vya kuzuia gurudumu lisiingie kwa dereva. Vyuma hivyo vikaja mwaka uliofuata. Kosa lilikuwa la kubana matumizi katika toleo moja, na alumini haikuhusika.

Turbo nayo ilipita njia hiyohiyo. Ford ilipoingiza injini ya EcoBoost ya lita 3.5 katika F-150 ya 2011, wazee wa V8 walicheka: silinda sita zitavuta nini? Kampuni ikaichukua injini moja, ikaitesa kwenye mashine ya kupimia, ikaifunga kwenye pikapu iliyovuta magogo, ikaivutisha tela saa 24 katika uwanja wa mbio wa Homestead karibu na Miami, kisha ikaipeleka kwenye mbio za jangwani za Baja 1000. Januari 2011 ikafunguliwa mbele ya umma Detroit, kipuri kwa kipuri. Lilikuwa tangazo la biashara, hilo halina ubishi, lakini pistoni na silinda zilikuwa mezani kwa yeyote aliyetaka kuzikagua.

Toyota ilichelewa kuingia katika mchezo huo, na ilipoingia ilibadilisha karibu kila kitu kwa mara moja. Tundra ya kizazi cha pili ilikuwa sokoni tangu 2007. Dereva mmoja wa Louisiana, aliyekuwa akisafirisha vifaa vya sekta ya mafuta, aliiendesha ya kwake hadi maili milioni moja, yaani kilomita milioni 1.6, kwa injini ileile ya V8. Mwaka 2016 Toyota ikampa mpya na kulichukua lile la zamani ikalichunguze. Tundra ya mwaka 2022 haina V8 tena. Ina V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili, giaboksi ya gia kumi, springi za koili nyuma badala ya vyuma bapa vilivyopangana, na bodi ya mizigo ya plastiki ngumu iliyoimarishwa. Fremu yake inatoka katika familia moja na Land Cruiser 300, gari ambalo nalo liliiaga V8.

Kwa tarakimu, badiliko hilo lilikuwa na mantiki. Nguvu ilipanda kidogo tu, kutoka farasi 381 hadi 389. Torki ndiyo iliyoruka, kutoka Nm 544 hadi 649, na inapatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole, jambo ambalo mvuta tela analihisi anapoanza kupanda mlima. Maoni ya wanunuzi yaligawanyika mara moja. Wengi waliolalamika walizilalamikia turbo: joto lake, mabomba yake, ugumu wa kuzifikia zikihitaji kubadilishwa.

Mwezi Mei 2024 Toyota ikatangaza kuwaita wamiliki wa magari takriban 102,000, yaani Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023. Turbo hazikutajwa. Sababu ilikuwa mabaki ya chuma kutoka kwenye mashine za kuchonga, yaliyobaki ndani ya injini wakati wa kuitengeneza.

Inafaa kuingia ndani ya injini kidogo. Krenki hailali moja kwa moja juu ya chuma cha bloku. Inazunguka ndani ya beringi kuu, vipande viwili vya nusu duara vyenye uso laini, na kati ya beringi na krenki kuna nafasi nyembamba kuliko unywele. Pampu hujaza nafasi hiyo kwa oili, na krenki ikishika kasi huelea juu ya utando huo bila kugusana na chochote. Injini iliyo nzima inaweza kwenda hivyo kwa miaka. Sasa chembe ya chuma ikipita kwenye njia ya oili na kukwama kwenye beringi, utando unakatika pale ilipo. Mzigo ukiongezeka, mathalani tela zito kwenye mwinuko, joto linapanda, uso laini unachanika, na beringi inaanza kulika. Dereva husikia injini ikigonga, au huiona ikitetemeka, au hugeuza ufunguo isiwake. Fundi yeyote wa Gerezani jijini Dar es Salaam angetambua ugonjwa huo kwa kusikiliza tu.

Suluhisho la Toyota, lililotangazwa Julai mwaka huohuo, lilikuwa kubadilisha injini. Novemba 2025 duara likapanuka: magari mengine takriban 127,000, yakiwemo Tundra na LX hadi za 2024 pamoja na Lexus GX ya 2024, yaliitwa kwa sababu ileile. Hapo ndipo hoja ya bahati mbaya ya awamu moja ilipodhoofika. Kuosha bloku baada ya kuchongwa si teknolojia mpya. Ni kazi ya kila siku ya kiwanda cha injini, na ni usimamizi wake uliolegea.

Waliokuwa wakisema hayo yote yanatokana na kuikimbia V8 walipata jibu Aprili 2025. General Motors iliwaita wamiliki wa karibu pikapu na magari makubwa 600,000 ya Marekani yenye V8 ya lita 6.2, ya miaka ya 2021 hadi 2024: Silverado, Sierra, Tahoe, Suburban, Yukon na Escalade. Injini hiyo haina turbo hata moja. Ina silinda nane na usanifu unaopendwa na wahafidhina. Kasoro ilikuwa krenki zisizo na vipimo sahihi wala uso laini unaotakiwa, pamoja na uchafu katika njia za oili. Injini zilizokutwa na dalili zilibadilishwa. Zilizofaulu ukaguzi zilipewa oili nzito zaidi, kutoka 0W-20 hadi 0W-40, chujio jipya na kifuniko kipya cha oili. Oili nzito hujenga utando mnene zaidi katika ile nafasi ya krenki na beringi. Ni kinga yenye maana, ingawa krenki yenyewe inabaki ileile.

Ford haikukosa kuonja. Agosti 2024 iliyaita magari yapatayo 90,000 ya 2021 na 2022, F-150 zikiwemo, kwa kuwa baadhi ya valvu za kuingiza hewa zilipashwa joto kupita kiasi wakati wa kuchongwa, zikawa ngumu lakini rahisi kuvunjika. Kwa mara nyingine lawama ilikwenda kwenye mashine ya kuchongea.

Wauzaji wanaisikiliza hofu ya wanunuzi kuliko ripoti za kasoro. Ram iliiondoa V8 yake ya Hemi kwenye 1500 ya 2025, ikaweka injini ya silinda sita yenye turbo mbili, na kelele zikawa nyingi. Kufikia Juni 2025 kampuni ilitangaza kuirudisha Hemi kwa mwaka wa 2026, tena ikiwa na nembo ya kichwa cha kondoo dume iliyobuniwa kama ishara ya maandamano. Hakukuwa na kasoro kubwa ya krenki iliyoilazimisha. Soko ndilo lililolazimisha.

Sifa ya jina nayo inahitaji tahadhari. Toyota ileile ya maili milioni moja ililazimika kukubaliana mahakamani, katika kesi ya fremu zilizooza kwa kutu za Tacoma, Tundra na Sequoia za miaka ya 2000, malipo na matengenezo yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Wenye kumbukumbu fupi huitaja injini tu.

Hata orodha ya magari yanayoitwa kurudi haitoshi kumpa mnunuzi picha ya uimara, kwa sababu imeundwa kwa ajili ya usalama. Tundra za mseto zina injini ya V6 ileile, lakini hazikuingizwa katika mwito wa Toyota, kwani injini ikizimika mota ya umeme bado inaweza kulisogeza gari kando ya barabara. Kisheria hakuna hatari ya kiwango kilekile. Mwenye gari la mseto aliyekuta beringi imekwisha ana shida ya dhamana na wakala wake, na mamlaka ya usalama barabarani haitaihesabu.