Vikosi, Vifaru na Ndege: Kasoro Tatu katika Tafsiri za Habari za Vita

Mwaka 2009 Uingereza ilikuwa na askari wapatao 9,000 nchini Afghanistan, wengi wao mkoani Helmand, wakipigana na waasi wa Taliban. Kwao kulizuka mjadala mkali juu ya uhaba wa helikopta na udhaifu wa magari. Mfasiri wa habari za namna hii hana budi kuepuka kasoro tatu.

Ya kwanza ni kuandika "vikosi 9,000". Kikosi ni kundi la askari. Makundi elfu tisa yangekuwa jeshi kubwa mno kuliko askari elfu tisa. Neno lifaalo ni "askari".

Ya pili ni kuliita kila gari la vita "kifaru". Kifaru hutembea kwa minyororo na huwa na mzinga. Land Rover aina ya Snatch, iliyokusudiwa awali kwa Ireland ya Kaskazini, ilikuwa na deraya nyepesi. Mastiff, iliyopelekwa baadaye, ina magurudumu sita na tumbo lenye umbo la V linalotawanya nguvu ya mlipuko. Yote mawili ni magari ya deraya. Tukiyaita vifaru, msomaji hataelewa kwa nini wazazi wa askari waliouawa ndani ya Snatch walilalamika.

Ya tatu ni kuandika "ndege za kivita" badala ya "helikopta za uchukuzi", mathalani Chinook. Zilihitajiwa ili askari wasipite katika barabara zilizotegwa mabomu.

Yafaa wahariri wayasahihishe maneno haya kabla hayajazoeleka mashuleni na maofisini.