Ufundi wa Kuitoa Pumzi

Mgonjwa wa mapafu yaliyoharibiwa na sigara au moshi wa kuni huhangaika kuvuta hewa, kumbe kazi ngumu zaidi ni kuitoa. Hewa hunasa ndani, kifua hubaki kimejaa, na pumzi mpya hukosa pa kukaa. Mabega hupanda. Hofu nayo huongeza kasi.

Hapo ndipo mwalimu wa kuimba anapopata kazi. Katika Hospitali ya Royal Brompton jijini London, madaktari na walimu wa sauti wamekuwa wakishirikiana tangu kabla ya mwaka 2010. Somo la namna hii huanza kwenye viti: nyayo sakafuni, mabega yamelegea, kiganja juu ya tumbo. Kisha hutolewa "zzz" ndefu, mvumo kama wa nyuki, mpaka hewa iishe. Tumbo likiachiwa baada ya hapo, hewa hurudi yenyewe, bila kugombaniwa.

Nyimbo huja baadaye, na ndipo ufundi unapoonekana. Mwalimu hodari huupima wimbo kwa urefu wa mistari yake kabla ya kuangalia utamu wake. Kwaya nyingi humkaripia anayekata neno katikati ili avute pumzi. Hapa anaruhusiwa, jirani ataliendeleza.

Je, inasaidia? Mwaka 2012 watafiti wa Brompton walichapisha jaribio dogo lenye ujanja wa kupendeza: kundi moja liliimba, jingine lilikutana kutazama filamu na kuzijadili, ili isije ikawa kinachosaidia ni kukutana na watu tu. Wote walifurahi, ila walioimba ndio waliosema afya ya miili yao imepata nafuu. Vipimo vya kutembea na vya kudhibiti pumzi havikuonyesha tofauti. Denmark ilikwenda mbali zaidi. Jaribio la wagonjwa 270, lililochapishwa mwaka 2022, liliweka kuimba badala ya mazoezi ya viungo kwa wiki 10, na umbali wa kutembea kwa dakika sita haukuwa nyuma ya ule wa waliofanya mazoezi. Mapafu yenyewe hayaponi kwa wimbo, na anayedai hivyo anauza uongo; kinachobadilika ni namna mtu anavyoyatumia yaliyobaki.

Korona ilipofunga kumbi mwaka 2020, shirika la opera la English National Opera liliupeleka ufundi huu kwenye intaneti, kwa watu walioachwa na pumzi fupi baada ya ugonjwa huo. Walifundishwa kwa nyimbo za kubembelezea watoto, wiki sita. Sauti zikiunganishwa mtandaoni hupishana, hivyo vipaza sauti huzimwa na mwalimu hubaki kusoma mabega na midomo ya watu asiowasikia. Jaribio la watu 150 lilionyesha nafuu ya akili, na kwa kiasi fulani ya pumzi. Katika alama za afya ya mwili, tofauti haikuthibitika.